Hela za nyumba nafuu kutoka Washington zikifika jimboni zinaishia wapi? Mliopo Marekani nisaidieni

Mpangaji_Midwest

Wakuu habari za jioni. Nipo Marekani pande za Midwest, mimi na mke na mtoto mmoja, mimi napiga shifti ya usiku kwenye ghala na mke anafanya usafi hospitali. Kodi ya pango imepandishwa tena kwahiyo mkiona naandika kwa hasira mnivumilie.

Swali langu ni hili. Kila baada ya muda naona kwenye habari gavana anatangaza jimbo limepata mamilioni ya serikali kuu kwa ajili ya nyumba nafuu, picha za watu na suti zao wamevaa helmeti wanachota mchanga kwa makoleo mapya yanang'aa. Nikasema ngoja na mimi nijaribu, nikapiga simu ofisi ya nyumba ya jimbo, dada aliyepokea ana adabu zake kabisa akaniambia kaka sisi hatupangishi na wala hatuna orodha ya kusubiri, jaribu kwenye majengo yenyewe au mamlaka ya nyumba ya mjini kwako. Mamlaka ya mjini wakasema foleni ya vocha ya kusaidiwa pango imefungwa. Nikaenda kwenye jengo jipya moja lenye bango la nyumba nafuu, vyumba viwili wakaniambia dola 1,350 kwa mwezi! Nikauliza si mnaangalia mshahara wangu? Wakasema ndiyo tunaangalia, tuone kama haujazidi. Nikauliza na kama umepungua je? Yule binti akanyamaza akaendelea kubofya kompyuta yake.

Sasa hizo hela zinaenda wapi, jimbo linafanya nazo nini hasa, na mtu wa kawaida anazipata kwa mlango gani? Nawasilisha.

Karani_wa_Mafaili

Mkuu pole. Swali lako zuri maana watu wengi wanapiga simu hiyohiyo na kupewa jibu hilohilo. Mimi niko upande wa makaratasi kwenye majengo ya namna hiyo, nahakiki mafaili ya wapangaji, acha nikueleze ninavyoijua.

Hela za nyumba haziji kwenye bahasha moja. Kuna krediti za kodi, kuna HOME ya kusaidia nyumba nafuu, kuna CDBG ya maendeleo ya miji, kuna mfuko wa taifa wa nyumba, kuna vocha, na kila moja ina sheria yake na msimamizi wake. Kwenye nyingi ya hizo jimbo ni kama mgawa nyama shughulini, ng'ombe si wake ila kisu anacho yeye, na sahani anampa developa, yaani anayejenga majengo, siyo wewe uliyekaa jamvini. Ndio maana yule dada alikwambia hawapangishi, hakukudanganya.

Kubwa kuliko zote kwenye ujenzi ni krediti za kodi, kwa makaratasi utaiona LIHTC, ilianza 1986 enzi za Reagan kwenye ile sheria kubwa ya kurekebisha kodi, kifungu cha 42. Na cha kushangaza wenye nayo siyo HUD wizara ya nyumba, ni IRS watu wa kodi. Wala haiji hela taslimu hata senti. Kinachokuja ni haki ya kupunguziwa kodi ya serikali, kila jimbo linapata kwa idadi ya watu wake, mwaka 2025 ilikuwa dola 3.00 kwa kichwa na vijimbo vidogo vina kima chao cha chini kama dola milioni 3.4 na ushee. Kuanzia 2026 mgao huo umeongezwa asilimia 12 kwa ile sheria aliyosaini Trump tarehe 4 Julai 2025.

Twende na mfano. Jimbo lenye watu milioni 10, kwa mgao wa 2025 lina milioni 30 za kugawa mwaka huo. Anakuja developa na jengo, gharama zinazohesabika tuseme milioni 10, krediti ya asilimia 9 inampa laki tisa kwa mwaka na anaipata miaka 10 mfululizo, jumla milioni 9. Lakini yeye hana kodi ya milioni 9 ya kulipa, mara nyingine ni shirika lisilo la faida halilipi kodi kabisa, kwahiyo anaziuza hizo krediti kwa benki au kampuni yenye kodi kubwa, tuseme senti 85 kwa kila dola, anaondoka na milioni 7.65 taslimu anajengea. Kilichopungua anakopa. Na kwa vile deni lake dogo ndio anaweza kupangisha chini ya bei ya soko, hapo ndipo unafuu wako ulipo, kwenye deni ambalo halikukopwa.

Sasa gawanya, milioni 30 kwa laki tisa unapata majengo kama 33 tu ya saizi hiyo kwa jimbo zima la watu milioni 10. Waombaji ni wengi kuliko hapo. Kwahiyo jimbo linaandika kitabu cha mashindano kinaitwa QAP, na hapo ndio nguvu yake yote ilipo. Sheria ya Washington inasema mambo machache, kwa mfano kwamba lazima uwape kipaumbele wanaohudumia watu wa kipato cha chini zaidi na kwa miaka mingi zaidi, na angalau asilimia 10 ya krediti zibaki kwa mashirika yasiyo ya faida. Yaliyobaki jimbo linajipangia lenyewe, pointi kwa kuwa karibu na kituo cha basi, pointi kwa nyumba za wazee, pointi kwa vijijini, pointi kwa mtaa wenye shule nzuri. Pointi moja inatosha kumwangusha developa na mwaka huo hajengi.

Ipo na krediti ya asilimia 4, hiyo haina kinyang'anyiro cha namna ile, inafuatana na bondi zisizotozwa kodi, yaani mikopo ambayo riba yake haikatwi kodi, ila bondi zenyewe zina kikomo kwa jimbo. Zamani angalau nusu ya gharama za jengo na kiwanja ilitakiwa zibebwe na bondi, kuanzia 2026 ni robo tu, maana yake bondi zilezile zitatosha majengo mengi zaidi.

Haya, hiyo 1,350 yako. Kodi ya pango kwenye nyumba hizi haipigiwi hesabu kwa mshahara wako. HUD kila mwaka wanatoa kipato cha kati cha eneo, AMI, wanakipanga kwa ukubwa wa familia. Chumba chako inawezekana ni cha asilimia 60, yaani cha wenye kipato kisichozidi asilimia 60 ya hicho cha kati. Kama asilimia 60 ya watu watatu kwenu ni 54,000 kwa mwaka, wanachukua asilimia 30 yake ambayo ni 16,200, wanagawa kwa miezi 12, unapata 1,350 kamili. Vyumba viwili vinahesabiwa watu watatu hata kama mnaishi wawili. Wewe uwe unapata 54,000 au 31,000 bei ni ileile. Na hiyo inatakiwa iwe pamoja na umeme na maji, kama bili unalipa mwenyewe kuna posho lazima waitoe kwanza, waulize hilo. Yule binti hakuwa na jibu kwa sababu sheria yenyewe haina jibu kwa aliyepungua, inamjua aliyezidi tu.

Mzee_Kipanga

Karani umeeleza vizuri lakini umeongea kama mtu wa ofisi. Mimi nasema hivi, dola moja ya kodi ya wananchi ikitoka Washington, benki imeshainunua kwa senti 85, kuna dalali katikati wa kukusanya wawekezaji, kuna mawakili, kuna ada ya developa, kuna ada ya jimbo ya kupokea maombi na ada ya kukagua, halafu mwisho wa siku mfagiaji wa hospitali anaambiwa 1,350. Mbona wasimpe tu huyo mtu hela?

Na hayo mapointi yenu ya QAP siasa tupu. Texas kwa mfano barua ya mbunge wa jimbo ya kuunga mkono mradi ilikuwa ina pointi zake, tena kwa sheria ya jimbo kabisa. Sasa mbunge ambaye wapiga kura wake hawataki kusikia nyumba za watu wa hali ya chini mtaani kwao ataandika barua gani? Matokeo yake majengo yanarundikana kwa masikini wenzao. Dallas walilifikisha mahakamani, shirika la Inclusive Communities Project likaishtaki idara ya nyumba ya Texas kwamba krediti zinakwenda mno kwenye mitaa ya watu weusi na zinapungua mitaa ya wazungu, kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2015, majaji watano kwa wanne wakasema sheria ya makazi ya 1968 inakuruhusu kushtaki kwa matokeo ya kibaguzi hata kama huwezi kuthibitisha kwamba mtu alikusudia. Watu wakashangilia. Kesi iliporudi chini kwa jaji, mwaka uliofuata shirika likaonekana halijathibitisha madai yake, ikatupwa. Ndio Marekani hiyo.

MtuWaPwani_TX

Mzee Kipanga hasira zako nazielewa lakini nusu ya unachosema kina majibu. Kumpa mtu hela moja kwa moja kupo, ndio vocha za Sekshen 8, mwenye vocha analipa kama asilimia 30 ya kipato chake na zilizobaki serikali inamlipa mwenye nyumba. Shida vocha si haki ya kila anayestahili, Bunge linatenga fungu likiisha limeisha, ndio unaona foleni zimefungwa miaka na miaka. Na mara nyingi vocha haziendeshwi na jimbo, HUD inazipeleka moja kwa moja kwa mamlaka za nyumba za miji na kaunti, ziko zaidi ya 2,000 nchi nzima. Kuna majimbo yana programu yao ya vocha, Massachusetts na New Jersey ni mfano, lakini ukimpigia gavana kuhusu vocha kwenye majimbo mengi umekosea mlango.

Nataka nimuongezee mwenye uzi hizo nyingine ambazo Karani amezitaja tu akapita, maana huko ndiko kuna hela taslimu kweli.

HOME ilianza na sheria ya 1990. Hela inagawanywa kwa fomula, asilimia 60 kwa miji na kaunti zenye ukubwa wa kutosha na asilimia 40 kwa majimbo, na kila jimbo lina uhakika wa angalau milioni 3. Kwa hiyo kama uko mji mkubwa, mji wako una HOME yake na jimbo lina yake, mara nyingi ya jimbo inakwenda zaidi kwa miji midogo na mashamba. Asilimia 15 lazima iwekwe kando kwa mashirika ya kijamii ya nyumba, yale yenye watu wa mtaa kwenye bodi. Kwa sheria jimbo lina miezi 24 ya kuifunga kwenye mikataba, ikipita HUD inaweza kuirudisha, ingawa tangu 2017 Bunge limekuwa likiusimamisha ukomo huo. Na jimbo lenyewe linatakiwa kuchangia senti 25 kwa kila dola, ingawa majimbo yenye dhiki au yaliyopata maafa yanapunguziwa. Hiyo hela mara nyingi haijengi jengo peke yake, inaziba pengo. Unakumbuka milioni 10 za Karani, krediti zimeleta 7.65, imebaki 2.35? Benki itakopesha labda milioni moja na nusu kulingana na kodi za pango watakazokusanya. Zile laki nane na nusu zilizobaki ndio anazitafuta kwenye HOME. Jengo moja unalikuta lina hela za mifuko minne mitano, kila mfuko na fomu zake na mkaguzi wake. Ndio maana linachukua miaka.

CDBG ni ya zamani zaidi, 1974. Asilimia 70 inakwenda moja kwa moja kwa miji na kaunti kubwa na 30 kwa majimbo ili wawagawie miji ya chini ya watu 50,000. Mwanzoni HUD ndio walikuwa wanaigawa hata hiyo ya miji midogo, tangu 1981 majimbo yakaruhusiwa kuichukua, na yote yameichukua isipokuwa Hawaii, kule HUD bado wanaigawa wenyewe. Lakini CDBG kwa kawaida hairuhusiwi kujenga nyumba mpya, inakarabati nyumba za wazee, inavuta maji, inatengeneza barabara. Kwa hiyo mkisikia jimbo limepata CDBG msidhani ni maghorofa.

Halafu kuna mfuko wa taifa wa nyumba, huu ndio wengi hawaujui na ndio ungemfaa mwenye uzi kuliko yote. Ulianzishwa kwa sheria ya 2008 na hela zake hazitoki kwa bajeti ya Bunge, zinatoka kwa Fannie Mae na Freddie Mac, yale makampuni makubwa yanayonunua mikopo ya nyumba, wanakata kidogo kwenye mikopo mipya wanayonunua. Kwa sababu ya yale mambo ya kuanguka kwa soko la nyumba haukutoa hata dola mpaka 2016, mwaka huo zikagawiwa kama milioni 174 nchi nzima. Kila jimbo angalau milioni 3. Na huu hela yake inatakiwa imfikie mtu wa kipato cha chini kabisa, asilimia 30 ya AMI au mstari wa umasikini, kwa miaka 30 isipungue. Kidogo mno kwa nchi kubwa hivi, lakini ukipata chumba kilichowekewa hela hii bei yake ni tofauti kabisa na hiyo 1,350.

Mzee_Kipanga

Milioni 174 kwa watu zaidi ya milioni 300. Chai hiyo.

Na msisahau ya korona. Zaidi ya bilioni 46 za kusaidia watu kulipa pango, majimbo yakapewa yajiendeshee, kuna yaliyogawa haraka na kuna yaliyokalia hela mwaka mzima huku watu wanafukuzwa, fomu ina viambatanisho mpaka kichwa kinauma, mpaka wizara ya fedha ikaanza kuzichukua za wazembe kuwapa waliotumia. Hela ileile, sheria ileile ya Washington, matokeo tofauti mbingu na ardhi kwa sababu ya nani kakaa ofisini. Sasa mimi kusema siasa nimekosea wapi?

Karani_wa_Mafaili

Mzee hapo sibishani na wewe. Tofauti ya jimbo na jimbo ni kubwa na inaonekana hata kwenye krediti. Sheria ya shirikisho inadai jengo libaki nafuu miaka 30, lakini California ilishajiwekea 55. Upande wa pili kuna mlango wa nyuma, baada ya mwaka wa 14 mwenye jengo anaweza kuliambia jimbo nitafutie mnunuzi kwa bei iliyopangwa na fomula, jimbo likishindwa ndani ya mwaka mmoja mkataba wa unafuu unavunjika, wapangaji waliopo wanalindwa miaka mitatu halafu bei ya soko. Kuna majimbo kwenye QAP yao yanamlazimisha developa aukane huo mlango tangu siku ya kwanza ndio apewe krediti, na kuna yaliyokuwa yanauacha wazi. Hapo Washington imeacha jimbo liamue lenyewe.

Lakini la ada na madalali nitakujibu kidogo. Jimbo lazima likague, angalau mara moja kila miaka mitatu wanakuja kuangalia vyumba na kufungua mafaili, na mimi nawajua wakaguzi wao, wanauliza mpaka karatasi ya mshahara ya mwezi upi. Wakikuta jengo lina kosa wanaandika fomu 8823 inakwenda IRS, na ndani ya miaka 15 ya mwanzo benki iliyonunua krediti inaweza kunyang'anywa sehemu. Kwahiyo benki yenyewe inamchunga mwenye jengo kuliko serikali inavyomchunga. Ghali ndiyo, lakini majengo ya krediti kudorora kama zile nyumba za serikali za zamani ni nadra zaidi, kwa nilivyoona mimi.

DadaWaNursing

Samahani naingilia. Mimi na mume wangu wote tunasoma fulltaimu, kipato chetu kidogo sana kuliko hicho kikomo, tumenyimwa chumba kwenye jengo la krediti wakasema eti kwa sababu ni wanafunzi. Si ubaguzi huu? Mtu masikini kwa sababu anasoma ndio ananyimwa??

Karani_wa_Mafaili

Dada hiyo ipo kweli na siyo huyo meneja kaitunga. Nyumba ambayo wakazi wote ni wanafunzi wa fulltaimu haistahili, waliogopa krediti zisigeuke mabweni ya vyuo. Ila kuna misamaha, na mmoja unakuhusu, wanandoa wanaojaza kodi pamoja wanaruhusiwa. Kuna mwingine wa mzazi anayelea watoto peke yake, mwingine kwa aliyewahi kulelewa na familia za kambo za serikali, mwingine kwa wanaopokea TANF, ile ruzuku ya familia masikini zenye watoto, mwingine kwa walioko kwenye mafunzo ya kazi ya serikali. Rudi na cheti cha ndoa na ritani ya kodi mliyojaza pamoja, au kama bado hamjajaza basi mnaostahili kujaza pamoja, muombe waangalie upya. Wakikataa bado, uliza jibu kwa maandishi na uliandikie jimbo kitengo kinachokagua majengo. Hicho kitengo kipo kila jimbo na huwa wanajibu kuliko ofisi ya mapokezi.

Mpangaji_Midwest

Nimewaelewa sana wakuu, nimesoma mara mbili. Kwahiyo kwa hali yangu, nyumba tunaingiza kama 41,000 wote wawili, nifanyeje? Na vipi kuhusu makaratasi ya uhamiaji, mimi nina green card mke bado anasubiri.

MtuWaPwani_TX

Kwa makaratasi: kifungu cha 42 chenyewe hakiweki sharti la uraia, jengo linahakiki kipato na utambulisho. Vocha na nyumba za umma ndio zina sharti la hadhi ya uhamiaji, mwenye green card anakubalika, na familia mchanganyiko inapewa msaada uliopunguzwa kwa kuhesabu wanaostahili tu. Ila kuna jengo la krediti ambalo ndani yake kuna hela za mifuko mingine, na hizo siku hizi masharti yanabadilikabadilika, kwa hiyo kabla mke hajajaza kitu mwulize wakili wa msaada wa kisheria, msitegemee uzi wa mtandaoni kwa hilo.

Kuhusu nyumba, 41,000 kwa hesabu ya Karani, kama asilimia 60 ni 54,000 basi 100 ni 90,000, wewe uko kama asilimia 45. Usitafute chumba cha 60, tafuta cha 50. Cha 50 hapo kinakuwa 45,000 mara asilimia 30 gawa 12, ni 1,125 pamoja na bili. Jengo lilelile ulilokwenda linaweza kuwa na vyumba vya 60 na vya 50 na hata vya 30, developa huvichanganya ili apate pointi. Ukifika usiulize tu mna chumba, uliza mna vyumba vya asilimia ngapi na orodha ya kila kimoja iko wapi. Wanaweza kuwa na orodha mbili tatu tofauti na wakakuweka kwenye moja tu.

Karani_wa_Mafaili

Naongezea ya kukusaidia ukishaingia. Kipato kinahakikiwa siku ya kuingia, kwahiyo ukipandishwa cheo baadaye hutolewi kwa sababu hiyo. Kikivuka asilimia 140 ya kikomo ni kazi ya mwenye jengo kumpa chumba kinachofuata mtu anayestahili, wewe unabaki. Kukufukuza lazima awe na sababu ya msingi, mkataba kwisha peke yake haitoshi. Na ukija kupata vocha siku moja, jengo la krediti haliruhusiwi kukukataa eti kwa sababu una vocha. Hilo la mwisho wapangaji wengi hawalijui na kuna mameneja nao hawalijui, au wanajifanya.

Orodha ya majengo ya krediti ofisi ya nyumba ya jimbo lako wanayo, mara nyingi iko kwenye tovuti yao unatafuta kwa kaunti. Angalia yaliyopewa krediti mwaka jana na juzi, hayo bado yanajengwa, piga simu kwa developa uulize lini wanafungua maombi. Watu wengi wanakwenda jengo likishajaa. Na vocha, usiishie mamlaka moja ya mjini kwako, kaunti za jirani nazo zina zao na foleni zao zinafunguliwa kwa siku chache. Kuomba vocha ni bure, mtu akikuomba ada ya kukuingizia jina kimbia.

Mzee_Kipanga

Na hao wanaogawa pointi wananchi tunawafikiaje? Au ndio tukae kusubiri kisu?

MtuWaPwani_TX

Mzee hapo sasa umeuliza. QAP haiwezi kupita bila mkutano wa hadhara, ni sheria. Na hizo HOME, CDBG na mfuko wa nyumba zinaandikiwa mpango wa pamoja wa miaka mitatu mpaka mitano, halafu kila mwaka mpango wa matumizi, na rasimu lazima iwekwe wazi angalau siku 30 watu watoe maoni. Nimewahi kuingia kwenye mmoja kwa intaneti, tulikuwa watu wachache mno, karibu wote madevelopa na mawakili wao, kila mmoja anataka pointi za aina ya jengo lake. Wapangaji hakuna. Na hao madevelopa wanasikilizwa kweli, unasoma rasimu ya pili unaona sentensi ya mtu fulani imeingia vilevile.

Mpangaji_Midwest

Nimeangalia tovuti ya jimbo sasa hivi, rasimu ya QAP ipo na mkutano uko wiki ijayo mchana, mimi mchana nimelala lakini nitaamka. Kiingereza changu cha kazini kinatosha ila cha kusimama kuongea mbele ya watu hapana. Na rasimu yenyewe ndefu balaa.

Karani_wa_Mafaili

Usiisome yote. Nenda sehemu ya pointi, angalia vyumba vya asilimia 30 na 50 vinapewa ngapi ukilinganisha na vya 60, na angalia kama wanamlazimisha mwenye jengo aukane ule mlango wa nyuma wa baada ya mwaka wa 14. Ukiona viko chini ndio uliseme hilo, na useme unaingiza 41,000 na umeambiwa 1,350, hawana mtu mwingine pale wa kuwaambia hivyo. Kuhusu lugha waandikie leo barua pepe uombe mkalimani wa Kiswahili, ile mikutano ya HOME na CDBG kanuni za HUD zinataka jimbo lipange jinsi ya kuwahudumia wasiojua Kiingereza wanapotarajiwa kuwa wengi, na hii ya QAP hata wasipokuwa nao unaruhusiwa kutuma maoni kwa maandishi. Ukikwama kuandika weka hapa kwa Kiswahili, nitakusaidia kuyageuza kabla ya tarehe ya mwisho.